Mlima uliomrudisha mama nyumbani: siku sita kusini mwa Iceland

Siku ya kwanza: Reykjavík hadi Skógar

Aprili 2010 shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa nyumbani Naivasha na wadogo zangu mama alipoingia saa nne asubuhi, saa ambayo hakuwahi kuonekana nyumbani ila Jumapili. Kazi yake ilikuwa kuchagua mawaridi katika shamba moja la maua kando ya ziwa: kupima urefu wa shina, kutoa yenye kasoro, kuyafunga na kuyatia ndoo ya maji kabla hayajaingia chumba cha baridi na kupakiwa kwenda uwanja wa ndege. Asubuhi hiyo waliambiwa warudi makwao mpaka waitwe. Ndege za Ulaya haziruki. Kuna mlima umelipuka.

"Mlima gani?" nikamuuliza.

Akasema jina lake halitamkiki, na kwamba hata redioni wameliruka.

Kibarua akikaa nyumbani halipwi. Tulikaa hivyo siku kadhaa. Maua yaliyokwisha kukatwa yalimwagwa, ng'ombe wakalishwa mashada yaliyokuwa yaende meza za London, na mimi nikabaki na swali: mlima wa huko mbali umejuaje njia ya nyumbani kwetu? Naona swali hilo ndilo lililonisukuma kusomea miamba. Leo nafanya kazi kwenye visima vya mvuke, na mwaka huu nimeletwa Iceland kwa mafunzo ya jotoardhi ya miezi sita. Mafunzo haya yanatolewa Reykjavík tangu 1979, na Wakenya waliopitia hapa ni wengi mno; unaweza kukutana na mtu wa Olkaria, kwenye visima vyetu vya mvuke, dukani ukasalimiana naye kama mko Gilgil.

Tumepewa likizo fupi. Mwenzangu wa darasa, kaka mmoja kutoka Mbeya, ameshika usukani. Gari ni la kukodi. Kabla sijaondoka nilimpigia mama. Akasema, "Ukifika uuangalie vizuri, kisha uniambie ulivyo."

Tumepanda Hellisheiði, ambako mabomba ya mvuke yamelala kando ya barabara kama ya kwetu, tukashuka Hveragerði, tukapita Selfoss na Hella. Mlima Hekla, wenye mita 1,491, ulitakiwa kuonekana kushoto. Wingu lilikuwa limeukalia. Baada ya Hvolsvöllur tulivuka daraja la mto Markarfljót. Mwaka 2010 barafu ya mlimani ilipoyeyuka ghafla na maji kushuka kwa kishindo, barabara hii ilikatwa kwa makusudi ili maji yapate pa kupita na daraja lisalimike. Likasalimika.

Jina sasa nalijua. Eyja ni visiwa, fjalla ni milima, jökull ni barafu ya kudumu: Eyjafjallajökull, barafu ya milima ya visiwani. Visiwa vyenyewe ni Vestmannaeyjar. Viko baharini mbele yake, na mlima ulipewa jina na watu waliokuwa wakiutazama pamoja na visiwa hivyo. Kutamka ni kama "eya-fyatla-yökutl", na mwisho ulimi unabanwa juu ya kaakaa. Nimelirudia njia nzima.

Tulisimama Þorvaldseyri, shamba lililo chini kabisa ya mlima. Mwaka ule majivu yaliligeuza mchana kuwa usiku, na wafugaji wa bonde zima waliohamishwa walirejea kwa vipindi kukamua ng'ombe, maana ng'ombe hangoji mlima utulie. Nikainua macho. Majani mabichi, jabali jeusi, kisha wingu. Mlima sikuuona.

Siku ya pili: Fimmvörðuháls

Maporomoko ya Skógafoss yanaanguka mita 60 hivi kutoka kwenye ukingo ambao zamani ulikuwa ufuo. Bahari ilikuwa ikipiga hapo. Mito inayotoka kwenye barafu ilileta mchanga karne kwa karne mpaka ikaisukuma bahari kilomita kadhaa, na ule ukuta wa ufuo ukabaki nchi kavu, maji yakiurukia. Ukishajua hilo, pwani yote ya kusini inasomeka: mashamba yako chini, kwenye ardhi iliyoletwa na mafuriko, na volkano ziko juu ya ukuta.

Tukapanda ngazi mamia kando ya maporomoko, tukafuata mto Skógá, poromoko baada ya poromoko. Saa nne za kutembea, nyasi zikaisha. Kipito hiki, ambacho jina lake linataja vichuguu vitano vya mawe vya kuonyesha njia, kipo kati ya barafu mbili: Eyjafjallajökull magharibi, Mýrdalsjökull mashariki. Ukungu ulitufunika tukawa tunaona hatua thelathini mbele, basi. Kisha ardhi ikawa nyekundu.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, usiku wa tarehe 20 Machi 2010. Ufa ulifunguka, lava ikaruka kama chemchemi, na ikajenga vilima viwili ambavyo vimepewa majina ya wana wa mungu Thor wa kale, Magni na Móði. Tulipanda Magni. Mawe yake ni mepesi, yamejaa matundu, yanakatika chini ya kiatu kwa sauti ya vigae. Mlipuko huo wa kwanza ulikuwa mpole. Lava yake ilikuwa basalti nyepesi ambayo gesi hupenya na kutoka bila kubanwa, na watu walikuja kuutazama kwa miguu, kwa magari, hata kwa helikopta. Tarehe 12 Aprili ukazima.

Siku mbili baadaye, usiku wa kuamkia 14 Aprili, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilitokea mahali pengine: kwenye kasoko (shimo la volkano) ya kileleni, chini ya barafu ya unene wa mita 200 hivi. Na haikuwa magma ile ile. Ilikuwa imechanganyika na mabaki mazito yaliyolala mle ndani tangu milipuko ya zamani, na magma nzito huikaba gesi mpaka inapasuka. Chukua hiyo, ikutanishe na maji ya barafu. Inapoa papo hapo, inavunjika kuwa vumbi la kioo laini kuliko unga wa ngano. Vumbi hilo likapanda kilomita tisa na kukuta upepo unaoelekea Ulaya. Likiingia katika injini ya ndege huyeyuka na kuganda humo. Mwaka 1982 ndege moja ya abiria iliyopita kwenye majivu ya mlima Galunggung, Indonesia, ilizimika injini zote nne kabla rubani hajafanikiwa kuziwasha tena. Kwa hiyo mwaka 2010 anga la Ulaya lilifungwa karibu juma zima, na safari 100,000 hivi zikafutwa.

Nilikaa juu ya Magni nikiwaza jinsi mpangilio huu ulivyokuwa mwembamba. Mlipuko ungebaki hapa kipitoni, mama angeenda kazini. Barafu isingekuwepo kileleni, majivu mengi yangeanguka karibu. Upepo ungegeukia kaskazini, Naivasha isingesikia kitu.

"Dada, twende," kaka akaniambia, "ukungu unazidi." Tukateremkia Þórsmörk upande wa pili, na basi la magurudumu makubwa likatuvusha mito kurudi barabarani. Kilele hatukukiona hata mara moja.

Siku ya tatu: Vík na mchanga wa Katla

Wenyeji ukiwauliza habari za Eyjafjallajökull hujibu kwa adabu, kisha hugeuza kidole mashariki. Wanayemwogopa ni Katla.

Katla hana kilele cha kuonyesha. Ni bonde la volkano lenye upana wa kilomita kumi hivi, limezikwa chini ya barafu ya Mýrdalsjökull, na alipolipuka kwa nguvu mara ya mwisho ilikuwa 12 Oktoba 1918. Kinachotisha kwake ni maji, kuliko lava. Barafu inayeyuka kwa chini, maji yanajikusanya, yanainyanyua barafu na kutoka kwa mkupuo yakiwa yamebeba mchanga na mapande ya barafu makubwa kama nyumba. Kuna neno moja la Iceland ambalo wanajiolojia wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo: jökulhlaup, mbio za barafu. Mafuriko ya 1918 yaliisukuma pwani kusini kwa kilomita kadhaa. Hata mkupuo mdogo wa Julai 2011, ambao haukufuatwa na mlipuko wa kuonekana, ulibeba daraja la mto Múlakvísl.

Mji wa Vík uko kati ya mlima huo na bahari. Kanisa lake liko juu ya kilima, na watu wa mji wanajua: Katla akiamka, kimbilia kanisani. Kwa jinsi palivyo, pamechaguliwa vizuri.

Wana hadithi pia. Katla alikuwa mtunza nyumba katika monasteri, mkali, mwenye suruali ya uchawi: aivaaye hukimbia bila kuchoka. Mchungaji wa kondoo, Barði, aliivaa bila ruhusa alipopotelewa na mifugo. Katla akamuua, akamzamisha kwenye pipa la maji ya maziwa. Majira ya baridi yakaenda, watu wakinywa, na pipa likipungua. Mwanamke akasikika akinong'ona kuwa karibu Barði ataonekana. Siku siri ilipokaribia kufichuka alivaa suruali yake, akakimbilia barafuni na kutumbukia katika ufa. Muda si mrefu mafuriko yakashuka. Bibi yangu angeipenda hadithi hii, maana milima ya kwetu nayo haikosi mwenyewe.

Jambo moja liliwakosesha usingizi wengi mwaka 2010. Eyjafjallajökull umelipuka mara chache tangu watu wafike: karibu mwaka 920, mwaka 1612, kisha kuanzia Desemba 1821 hadi 1823. Na Juni 1823 Katla naye akalipuka. Kwa hiyo mkubwa alingojwa amfuate mdogo. Hakumfuata. Amenyamaza zaidi ya miaka mia, na zamani alikuwa na desturi ya kulipuka mara mbili hivi kila karne.

Mchana tulivuka Mýrdalssandur, jangwa la mchanga mweusi aliloliweka yeye. Hakuna mti wala nyumba. Baada yake likaanza jambo ambalo sikulitarajia: mawe yaliyovikwa kuvumwani nene, kijivu na kijani, yenye vinundu na mabonde, pande zote za barabara, bila mwisho. Dakika kumi, kumi na tano, bado.

"Hii nayo ya mlima gani?" nikauliza.

Kaka akasoma ramani. "Laki."

Siku ya nne: Kirkjubæjarklaustur

Mvua. Njia ya Laki inavuka mito isiyo na madaraja, na tumeambiwa leo isijaribiwe. Sikusikitika sana, maana kijiji hiki chenyewe ni kurasa za habari ya mlipuko wa Laki.

Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 1783, hali ya hewa ilikuwa nzuri. Asubuhi wingu jeusi likatokea nyuma ya milima ya kaskazini na kuanza kumwaga majivu. Baada ya siku chache mto Skaftá, uliokuwa mkubwa, ukakauka. Na kwenye korongo lake, mahali pa maji, ikashuka lava. Mchungaji wa parokia, Jón Steingrímsson, alikuwa na miaka 55 hivi. Aliandika kila kitu: rangi ya mvua, harufu, ilivyochoma ngozi, mashamba yaliyozikwa na majina ya walioyamiliki. Ninachojua kuhusu mlipuko huo, na wanachojua walimu wangu, sehemu kubwa imetoka kwenye kalamu yake.

Tarehe 20 Julai lava ilikuwa inakishukia kijiji hiki. Akawakusanya watu kanisani, wote wakiamini ni ibada ya mwisho ndani ya jengo lile, na inasemwa hakuna aliyetaka itolewe fupi. Walipotoka wakaenda kutazama. Lava haikuwa imesogea. Ilikuwa imerundikana juu yake yenyewe pale pale ilipokuwa, huku maji ya mito iliyoizuia yakiimwagikia. Mahubiri hayo yanaitwa Eldmessa, ibada ya moto. Mtu wa jotoardhi ataeleza habari ya maji kupoza mwamba, na maelezo yake ni ya kweli. Lakini watu wale waliingia kanisani wakati ambao wangeweza kukimbia, na maelezo ya maji hayagusi jambo hilo.

Yaliyofuata hayana wimbo. Mifugo ilikufa, na njaa ikaingia kwa jina ambalo Iceland hadi leo hulitaja: Móðuharðindin, dhiki ya ukungu. Mke wa mchungaji Jón alifariki mwaka 1784. Mchungaji mwenyewe alipewa fedha za msaada katika sanduku lililotiwa lakiri alifikishe kwa mkubwa wa wilaya. Njiani akakuta watu wasio na kitu, akalifungua, akawagawia. Kwa huruma hiyo alilaumiwa na kutozwa faini. Nilisimama mvuani mbele ya kaburi lake. Karibu na hapo kuna kanisa dogo la ukumbusho wake, lililozinduliwa 1974. Natamani kila mwanafunzi wa volkano amjue mtu huyu kabla hajafundishwa mashine ya kupima mitetemo.

Siku ya tano: Lakagígar

Mbingu imefunguka. Dereva wa basi, mama wa makamo, alishuka kwenye kila mto akautazama kabla ya kuingia. Tulipita Fagrifoss, maporomoko yanayotawanyika juu ya jabali kama nywele zilizofumuliwa, na baada ya saa mbili hivi tukawa chini ya Laki.

Laki ni kilima cha mita 818. Nacho hakikulipuka! Ufa uliotoa lava ulikifikia, ukakipasua kidogo ubavuni, ukaendelea upande wa pili; basi jina la kilima likapewa msiba wote. Tukapanda kwa dakika arobaini. Juu, nilipogeuka, sikusema neno.

Mstari. Kasoko baada ya kasoko, 130 hivi, zimepangwa kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki kama mishono ya kidonda, urefu wa kilomita 27, mwisho wake ukielekea barafu ya Vatnajökull. Mimi nimekua nikiutazama Longonot, na kwangu volkano ilikuwa mlima wenye shimo juu. Hapa ardhi ilifunguka kama zipu. Iceland iko mahali ambapo pande mbili za sakafu ya Atlantiki zinaachana kwa sentimita mbili hivi kwa mwaka, na Bonde la Ufa letu ni kazi ya aina hiyo hiyo kwa mwendo wa polepole zaidi. Nilikuwa natazama jambo la nyumbani likiwa limefanywa kwa haraka.

Kwa miezi minane, hadi 7 Februari 1784, ufa huu ulitoa kilomita za ujazo zipatazo 15 za lava. Ilitanda karibu kilomita za mraba 600. Ziwa Naivasha kwa ukubwa wake wa kawaida lingeingia humo mara nne. Lakini waliokufa wengi hawakuguswa na lava. Kulitoka tani milioni 120 hivi za gesi ya salfa, na floraini tani milioni kadhaa. Floraini ilitua kwenye majani, kondoo wakala, mifupa na meno yao yakaota vinundu wakashindwa kutafuna. Asilimia 80 ya kondoo walikufa, na nusu ya ng'ombe na farasi. Kisha watu: mmoja kati ya kila watano hivi, katika nchi ya watu 50,000.

Hapo nilimfikiria bibi, upande wa Nakuru. Meno yake ni ya kahawia, na ya majirani zake wengi pia, kwa sababu maji ya visima vya huko yamepita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi. Utotoni nilidhani ni uzee. Sumu iliyowaua kondoo wa mchungaji Jón imekaa mdomoni mwa bibi yangu, kidogo kidogo, kwa miaka sabini.

Na ukungu ule ulisafiri. Kiangazi cha 1783 Ulaya nzima ilikuwa chini ya ukungu mkavu wenye kunuka. Uingereza vifo viliongezeka kwa maelfu. Benjamin Franklin, akiwa Ufaransa, aliandika kwamba miale ya jua ilikuwa imedhoofika, akahisi huenda chanzo ni volkano ya Iceland. Wanasayansi waliopiga hesabu kwa kompyuta mwaka 2006 waliona kuwa baridi iliyoletwa na gesi hiyo kaskazini mwa dunia ilizidhoofisha mvua za msimu za Afrika, na hilo linalingana na kumbukumbu za Mto Nili, uliopungua sana wakati huo, na njaa kali iliyoikumba Misri. Kumbe njia ya Iceland hadi Afrika haikufunguliwa mwaka 2010.

Kaka alinionyesha Tjarnargígur, kasoko yenye ziwa dogo la kijani ndani yake. "Hili ni ziwa Ngozi la kwetu," akasema, "ila misitu imesahauliwa." Tulitembea juu ya njia ya mbao tu. Kuvumwani hii imechukua zaidi ya miaka 200 kuvika mawe haya, na unyayo mmoja hubaki miongo.

Siku ya sita: kurudi

Tuliondoka Klaustur alfajiri. Tulipopita Vík anga lilikuwa safi, na baada ya Skógar nikamwomba kaka asimame.

Ulikuwa pale, wote. Mlima mpana wenye mabega, mweusi chini, kilemba cha barafu juu, na mahali kasoko ilipo barafu imebonyea kidogo. Kondoo walikuwa wanakula majani chini yake. Nilipiga picha moja nikamtumia mama, kisha nikampigia. Amestaafu mawaridi sasa. Ana kuku na mboga zake.

Alinyamaza akiitazama. "Ndio huu?"

"Ndio huu, mama."

"Mbona si mrefu?"

Nikamwambia kweli si mrefu. Mita 1,651. Kule Naivasha maji ya ziwa yenyewe yako mita 1,884 juu ya bahari. Kwa hiyo miaka yote ile, akiwa amesimama mezani kwake akipima mashina, alikuwa juu kuliko kilele hiki.

"Haya," akasema. "Na jina lake?"

Nikalitamka. Akaniomba nirudie polepole, na upande wa pili wa simu nikamsikia akijaribu.